Waongo Hodari wa Nyumba Yangu

Nilikuwa uani, nimekalia mbuzi nakuna nazi, mlango wa jikoni umeegeshwa, wakati binti yangu wa miaka 13 alipomvuta mdogo wake nyuma ya tangi la maji na kuanza kumpa somo. Mdogo wake ana miaka 9 na alikuwa ametoka baharini, mahali ambapo kwa amri ya nyumba yetu hakuna mtoto anayekwenda bila mtu mzima. Hawakujua kwamba nipo.

"Usiseme ulikuwa kwa rafiki yako," alimwambia kwa sauti ya chini, "maana mama yake huja hapa kununua barafu, watazungumza. Sema ulikuwa kwa mama wa maandazi wa barabara ya kumi na mbili, unasubiri chenji. Huyo mama hana namba ya mama yetu. Na ukiulizwa mara ya pili, usiongeze neno. Anayeongeza ndiye anayekamatwa."

Kisha akamwagia maji miguuni kuondoa chumvi, akamfuta kwa ncha ya kanga, akamgeuza mbele na nyuma, akaridhika.

Mtoto aliingia ndani, akaamkia, akaulizwa alikokuwa, akajibu kwa mama wa maandazi. Nikauliza mara ya pili. Hakuongeza neno.

Sikumchapa, sikumgombeza, na wala sikuwaambia kwamba nimesikia. Niliendelea kukuna mpaka nikawa nakwangua kifuu, na tui la siku ile likatoka na rangi ya kahawia.

Mahali ambapo ningemtafuta

Kwa wiki kadhaa maneno yale hayakunitoka. Uongo wenyewe haukunishangaza, kwa kuwa watoto wote hudanganya, na mimi nilidanganya nilipokuwa mdogo, tena vibaya, kiasi kwamba mama yangu alikuwa akinicheka kabla hajanichapa. Kilichonikaa rohoni ni ule ustadi. Binti yangu alijua ni mama yupi anazungumza na yupi, nani ana namba ya nani, swali la pili huulizwa kwa nia gani, na kwamba mwongo huponzwa na maelezo ya ziada. Hayo hayafundishwi darasani. Aliyapata kwa kunisoma mimi, kwa miaka, na kwa bidii ambayo ningefurahi kuiona kwenye daftari lake la hisabati.

Halafu usiku mmoja likanijia jambo lililoniondolea usingizi.

Kama mtoto yule angezama siku ile, ningekwenda kumtafuta kwa mama wa maandazi.

Sheria ya bahari niliiweka ili mtoto asife maji. Haikumzuia kwenda, ilichofanya ni kunizuia mimi kujua kwamba amekwenda. Nilikuwa mama mwenye sheria nyingi, mwenye kuamini kwamba saa yoyote ya mchana anajua kila mtoto yuko wapi, na kumbe nilikuwa najua tu kile walichokubaliana nyuma ya tangi kwamba nijue.

Sheria za nani

Nilichukua daftari la hesabu za barafu, nikafungua ukurasa wa nyuma na kuandika amri zote za nyumba yetu jinsi zilivyonijia. Mbele ya kila moja nikajiuliza: mtoto akiivunja hii, nani anaumia?

Chache zilikuwa na jibu la wazi. Bahari huua. Barabara kuu ya malori huua, na nyaya za umeme zilizochubuka huua. Nyingine zilikuwa na majibu ya kusitasita. Kuwa ndani kabla ya adhana ya magharibi, kutokula kwa watu, binti kutosimama kibarazani na mvulana hata akiwa mwanafunzi mwenzake anayerudisha daftari, kutocheka kwa sauti mbele ya wageni, kutouliza "kwa nini" mtu mzima akishasema. Kwa nyingi kati ya hizi, ukiacha kuzungukazunguka, anayeumia ni mimi: jina langu, na maneno ya baraza la jirani.

Sitaki kuyadharau maneno ya jirani, kwa sababu wanaoyadharau aghalabu ni watu ambao hawajawahi kuyahitaji. Hapa Ngamiani, Tanga, tunaishi ukuta kwa ukuta. Mtaa unaokusengenya ndio huohuo unaokupikia ukifiwa, na mama mwenye jina baya haingizwi kwenye mchezo wa kuchangiana wala hakopeshwi hata kilo ya sukari. Jina la familia ni mali, na kulinda mali si upuuzi.

Lakini mtoto hakuwa na njia ya kujua ni sheria ipi inalinda uhai wake na ipi inalinda jina langu. Zote zilitoka kinywani mwangu kwa ukali uleule, na zote zilikuwa na adhabu ileile. Kuchelewa adhana na kuingia baharini vilikuwa na bei moja, na mahali ambapo kila kitu kina bei moja mtoto hawezi kutambua ni kipi kitamuua. Anachojifunza ni kukwepa kulipa.

Shule mbili za Afrika Magharibi

Mwaka 2011 watafiti wawili, Victoria Talwar na Kang Lee, walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Walizikuta shule mbili za awali zinazopokea watoto wa mazingira yanayofanana. Moja ilitumia fimbo, makofi na kufinya kwa makosa ya kila namna, hata kusahau penseli; nyingine ilionya kwa maneno. Walioshiriki walikuwa na miaka mitatu na minne.

Mchezo ulikuwa rahisi. Mtoto hukaa akiwa ameipa mgongo meza, husikia mlio, na hutakiwa abahatishe ni kitu gani kimewekwa pale. Mara ya mwisho mlio hauhusiani kabisa na kitu chenyewe, kwa hiyo kubahatisha hakuwezekani, na wakati huohuo mtu mzima anatoka chumbani akimwambia asichungulie. Katika shule zote mbili watoto wengi walichungulia, kama mtoto yeyote mwenye akili timamu. Tofauti ilianza mtu mzima aliporudi na kuuliza. Kwenye shule isiyo na fimbo, takriban nusu ya waliochungulia walikiri. Kwenye shule ya fimbo, karibu wote walikana. Tena hawakuishia kukana: walipoulizwa kwamba kitu hicho ni nini, watoto wa shule ya fimbo walikuwa hodari zaidi wa kujifanya hawajui.

Miaka mitatu na minne. Wadogo kiasi hicho, walikwisha kujua kwamba anayeongeza ndiye anayekamatwa.

Ninachokichukua kutoka kwenye utafiti ule ni hiki: fimbo haikupunguza kuchungulia. Iliongeza tu umahiri wa kuficha. Huku kwetu hata viboko vya shuleni vina kanuni zake. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinataka visizidi vinne, vitolewe kwa idhini ya mkuu wa shule na viandikwe kitabuni. Nyumbani hakuna kitabu. Kama kingekuwapo, sijui kama ningependa kukisoma.

Bibi yao hakukubali

Mama yangu alikuja kutoka Pangani kutusalimia, nami nikamweleza yote, nikitarajia angalau anihurumie. Aliguna.

"Mwanangu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tuliwalea kwa bakora, na ninyi nyote ni watu na heshima zenu. Leo mtoto anakudanganya, wewe unasoma vitabu."

Nilimuuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga. "Mama, nilipokuwa na miaka tisa, kati ya alasiri na magharibi ulikuwa unajua niko wapi?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Nani alikuwa na muda huo?"

Ndivyo ilivyokuwa, na ajabu ni kwamba tunaposimulia ukali wa wazazi wetu huwa tunalisahau hili. Bakora ilikuwepo, tena ya kweli, lakini sheria zenyewe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja: usikose chuoni kusoma Kurani, usipite mbele ya mzee bila kuamkia, usile kwa watu, urudi kabla ya giza. Ukishatimiza hizo, alasiri nzima ilikuwa yako. Tulikwea minazi ya watu, tulifuata mashua, tulicheza kwenye kingo za mto ambao una mamba na kila mtu anajua una mamba. Hatukuwa peke yetu pia. Kila mtu mzima aliyepita alikuwa na haki ya kukuuliza unakwenda wapi na kukurudisha, na hakuna mama aliyekwenda kumgombeza jirani kwa sababu hiyo.

Tulichorithi sisi ni ukali bila uwanja. Mtoto wangu amri zake ni nyingi mara kadhaa kuliko zangu, na mahali pa kucheza ni uani pale kati ya tangi na kamba ya nguo. Jirani aliyekuwa na haki ya kumrudisha sasa huangalia pembeni, asije akaambiwa amemdhalilisha mtoto wa mwenziwe. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mtaa mzima nimeihamishia kwenye amri zangu, na amri hazina macho.

Nilimweleza mama hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo mpaka leo sina jibu lake la kutosha: "Basi mrudishie uwanja. Usimwondolee adabu."

Vilima vya Eyasi

Wanaoandika kuhusu malezi ya uhuru hupenda kutupeleka Ulaya. Mimi nadhani safari inaweza kuishia Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde angali mdogo sana. Watoto hutoka kambini kwa makundi, bila mtu mzima, wakaokota ubuyu, wakachuma matunda ya porini, wakachimba mizizi na kuwinda vindege, na sehemu kubwa ya wanachokipata hukila hukohuko. Mtu mzima akimtuma mtoto maji, mtoto anaweza kugoma, na siku ikaendelea.

Ukiishia hapo utapata hadithi tamu ya watu wa porini wanaowaamini watoto wao. Lakini mwaka 1994 Nicholas Blurton Jones, Kristen Hawkes na Patricia Draper walichapisha ulinganisho ulionipendeza zaidi kuliko hadithi hiyo. Walijiuliza ni kwa nini watoto wa Wahadzabe wanatafuta chakula wenyewe, ilhali watoto wa Wakung wa Kalahari, jangwa la kusini mwa Afrika, ambao pia walikuwa wawindaji na wakusanyaji, walikuwa wakikaa kambini tu. Jibu lao halikuwa upendo. Tofauti ilikuwa ardhi. Kwa Wahadzabe kuna vilima na majabali ambayo mtoto akiyatazama anajua kambi iko upande gani, na chakula kipo karibu. Kalahari ni tambarare ya vichaka vinavyofanana, maji yako mbali, chakula kiko mbali na maji, na mtoto akipotea huenda asirudi.

Mzazi wa Kikung alimzuia mwanawe kwa sababu mahali pale kosa moja lilitosha.

Niliisoma sehemu ile mara nyingi. Ilinionyesha kwamba nilikuwa nikijiuliza vibaya. Nilikuwa nahangaika kama nimwamini mtoto au nisimwamini, kana kwamba imani ni tabia yangu, wakati jambo la kwanza la kutazama lilikuwa mahali: hapa, mtoto akikosea, atalipa nini? Palipo na vilima, mwache aende. Pasipo na vilima, ama umzuie, ama umjengee vilima. Kumwachia mtoto tambarare na kusema unamwamini ni kumtelekeza, hata ukiliita jina gani.

Ngamiani, kwa mfano, ina vilima. Barabara zetu zina namba, zimepangwa sambamba, na mtoto anayejua kuhesabu hawezi kupotea akitafuta njia ya nyumbani. Nilikuwa na amri ya kutovuka barabara ya kumi na tano, na hata sasa nikijiuliza nilikuwa naogopa nini huko ya kumi na sita, sina la kusema. Amri hiyo niliifuta siku hiyohiyo.

Bahari haina vilima kwa asiyejua kuogelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tunaishi mji wa pwani, tunakula samaki kila siku, harufu ya bahari inaingia mpaka chumbani, na watoto wetu wengi hawajui kuogelea, hasa wa kike. Amri ya "usiende" ilikuwa imechukua nafasi ya kazi niliyopaswa kuifanya. Huko Nungwi, Unguja, upo mradi uliowafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, kwa hiyo hata kisingizio cha stara hakinisaidii.

Kaka yangu ni mvuvi. Nilimwomba awafundishe watoto wote wawili, asubuhi, maji yakiwa yametulia. Mdogo alishajua kuelea. Alijifunza kwa siri, na alipoona siri imekwisha alijitupa majini kwa maringo. Dada yake, yule aliyetunga uongo wote ule wa kumlinda, hakuwahi kuingiza uso wake baharini hata siku moja. Alisimama maji yakimfika magotini, ameshikilia bega la mjomba wake kwa mikono miwili.

Bei ya kosa la msichana

Hapa ndipo ninapokwama zaidi, na sitajifanya nimekwamuka.

Ninaporahisisha amri za mwanangu wa kiume, hakuna anayenishangaa. Ninapomwachia binti yangu, hata rafiki zangu waliosoma hushusha sauti. Nami nawaelewa, maana bei ya kosa haijawahi kuwa sawa. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule na safari yake ya masomo ikaishia hapo, huku mvulana wa darasa lilelile akiendelea na mtihani. Ni Novemba 2021 tu ambapo Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi katika shule ya kawaida. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alisubiri 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019.

Ukiyatazama hayo, ukali wa mama zetu kwa mabinti hauonekani tena kuwa ushamba. Waliwalea kwenye tambarare. Kosa moja, shule imekwisha. Mama aliyemfungia binti ndani katika hali hiyo alikuwa akipiga hesabu sahihi kwa taarifa alizokuwa nazo.

Lakini hesabu hiyo inabadilika kadiri bei inavyoshuka, na sehemu moja ya bei iko mikononi mwangu kabisa. Mlango wa shule ukifunguliwa tena, msichana bado anaweza kukuta mlango wa nyumbani umefungwa. Kwa binti wengi, mtu wa kwanza wa kuogopwa jambo baya likitokea ni mama. Kabla ya mwalimu na kabla ya mtaa, mama.

Kushtakiwa

Kuna daktari wa watoto wa Poland aliyejulikana kwa jina la Janusz Korczak. Kuanzia mwaka 1912 aliongoza nyumba ya yatima wa Kiyahudi mjini Warszawa pamoja na Stefania Wilczyńska, na humo aliunda mahakama ambayo mahakimu wake walikuwa watoto. Mtoto aliweza kumshtaki mtoto mwenzake na pia mtu mzima. Korczak mwenyewe alishtakiwa na kuhukumiwa mara kadhaa. Vifungu 99 vya mwanzo vya sheria zake vilikuwa vya kusamehe au kufuta shitaka. Agosti 1942 Wanazi waliwachukua watoto wa nyumba ile kuwapeleka Treblinka, naye hakukubali kuwaacha. Aliuawa pamoja nao.

Hata Summerhill, shule ya Uingereza iliyoanzishwa na A. S. Neill mwaka 1921, ambayo hutajwa kama mfano wa watoto kuachwa watakavyo, ina mkutano ambamo mtoto na mwalimu wana kura moja moja, na sheria wanazozipitisha humo ni nyingi. Tulichokiita uhuru, ukikichungulia kwa karibu, kimejaa vikao.

Sisi tulianza na kikao cha Ijumaa baada ya chakula cha usiku, na sheria moja mpya: jambo lolote utakalolisema kabla ya kuulizwa halina adhabu. Litazungumzwa, litarekebishwa, mtu ataudhika, lakini adhabu hakuna.

Mdogo aliligeuza mchezo mara moja. "Mama, nimekula maandazi manne na moja lilikuwa lako, nakuambia kabla hujaniuliza." Baba yao alisema nimewapa kibali cha kuiba, na kwa muda nilidhani ana haki.

Dada yake alikuja na shitaka. Alinishtaki mimi. Alisema amri ya magharibi iliandikwa kwa wote wawili, lakini mdogo wake akichelewa huulizwa kama amekula, na yeye akichelewa huulizwa alikuwa na nani. Aliyasema hayo akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama yuko mbele ya darasa. Nilijitetea kwa yote niliyoyaandika hapo juu, bei ya kosa na sheria za nchi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo mimi naadhibiwa kwa ajili ya watu wabaya?"

Baba yao ndiye aliyependekeza amri ibadilishwe. Saa haikutajwa tena. Kila mmoja, mimi na baba yao tukiwemo, atasema anakokwenda na njia atakayopita, na mpango ukibadilika atatoa taarifa.

Haukupita muda mrefu, binti yangu akanifuata jikoni nikiwa napepeta mchele. Alisema, bila kunitazama, kwamba dereva mmoja wa bodaboda amekuwa akimsubiri kona ya shule na kumwambia apande bure, na kwamba mara mbili amempa hela ya chipsi ambayo hakuichukua. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani.

Tangu kabla ya Ramadhani. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimuuliza kila jioni alikuwa na nani, na kila jioni alinijibu vizuri, kwa sauti isiyotikisika.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. "Ungesema nilisimama naye kwa nini."

Ningesema hivyo. Sina shaka hata kidogo kwamba ndilo neno ambalo lingenitoka kwanza, na baada yake angekatazwa kupita njia ile, angekatazwa kwenda masomo ya jioni, na yule kijana angebaki konani kwake akisubiri mtoto wa mwingine. Safari hii baba yao alikwenda kijiweni, akamwona mwenyekiti wao. Madereva wale wana namba kwenye vizibao, kwa hiyo kumtambua hakukuwa kazi. Shule nayo ilipewa taarifa. Binti hakukatazwa kitu.

Tangu hapo baba yao hajasema tena habari ya kibali cha kuiba, ingawa maandazi bado yanapungua.

Pori lisilo na vilima

Kuna mahali ambapo sijalegeza hata kidogo, nako ni simu. Mtaa naujua, bahari sasa wanaijua, njia ya shule tumeitembea pamoja. Ndani ya simu sijui kilima kiko wapi. Nimejaribu kuingia huko anakotaka kuingia yeye, na baada ya muda mfupi nilikuwa natazama vitu ambavyo sikuvitafuta na nisingeweza kueleza nimefikaje. Mtu asiyejua njia hawezi kumwonyesha mwingine, na kusema "nakuamini" pale kungekuwa kujivua tu mzigo.

Kwa hiyo nimekataa, na safari hii nimemweleza sababu kama nilivyoieleza hapa: kwamba yeye sina wasiwasi naye, ila mahali penyewe sipajui. Atapata simu ya kupiga na kutuma ujumbe tu. Ya intaneti ni ile ya nyumbani, inatumika sebuleni, na ikifika saa tatu usiku simu zote zinawekwa juu ya kabati la vyombo.

Amewasilisha pingamizi. Hoja yake ni neno "zote": anasema baba yake hulala na simu chini ya mto akitazama mpira, na kwamba sheria isiyomgusa baba ni ya jina tu. Kesi itasikilizwa Ijumaa. Ameomba ruhusa ya kumwita mdogo wake awe shahidi, na nimesikia tayari wanajadiliana nyuma ya tangi juu ya ushahidi wenyewe, safari hii kwa sauti kubwa.